Goti la bandia likirudi mlimani

Mgonjwa aliyewekewa goti la bandia KCMC mjini Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam, hushuka kwenye basi pale Same akiwa na magongo na bahasha ya picha za eksirei. Wa mjini amefika. Wa Mbaga, Chome au Vudee bado ana mlima wa kupanda, na hata nyumbani, kwenda shambani au kanisani ni miteremko mitupu.

Kwenye mwinuko au ngazi, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza fimbo na mguu uliopasuliwa. Fimbo ikiwa moja, ishike kwa mkono wa upande mzima. Wengi hukosea hapa. Mazoezi ya kukunja na kunyoosha usiyaache kwa kuogopa maumivu, maana goti lisilokunjwa wiki za mwanzo hukakamaa. Choo cha kuchuchumaa kitakutesa: mwombe seremala akutengenezee kiti chenye tundu.

Hayo wengi huyamudu. Kinachowaponza ni maambukizi. Goti hilo ni chuma na plastiki, halina mishipa ya damu, hivyo bakteria wakijishikiza hapo dawa huwafikia kwa shida. Huingia kupitia mshono, au husafiri kwa damu kutoka kwenye jino bovu, jipu au jeraha la jembe mguuni, hata miaka kadhaa baada ya upasuaji. Kwa hiyo jino lisisubiri msimu wa mavuno, na daktari wa meno aambiwe kuwa una goti la bandia.

Mshono ukitoa majimaji, goti likivimba na kuwa la moto, au maumivu yaliyokwisha tulia yakirudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usichue, usikande kwa maji ya moto, wala usianze antibayotiki za dukani. Daktari hutaka kuvuta majimaji ya goti ayapime, na vidonge ulivyomeza vinaweza kuwaficha bakteria. Ukiwahi, mara nyingi goti husafishwa na kubaki. Ukichelewa, huenda likatolewa na safari ya upasuaji ikaanza upya.

Kigimbi kikivimba na kuuma, huenda damu imeganda. Hilo nalo ni la kwenda siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana ghafla au kifua kikichoma, tafuta gari usiku huo huo, usingoje basi la asubuhi.