Msamaha wa Kodi ya Data na Hatima ya Masomo ya Mtandaoni nchini Uganda

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Masomo yalipelekwa kwao kwa redio, televisheni, vijitabu na intaneti. Makala haya yanaichunguza njia hiyo ya mwisho, na kudai kwamba utozaji wa kodi ya data ni kikwazo ambacho sera inaweza kukipunguza bila kungoja minara mipya.

Julai 2021, shule zikiwa zimefungwa kwa mara ya pili, serikali iliondoa kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu 2018, ikaweka mahali pake ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Sheria iliziacha nje data zinazotumika kutolea huduma za afya na elimu. Kimaandishi, msamaha huo ni wa busara. Kiutendaji una mashaka. Mzazi hununua bando kwanza, mtoto hulitumia baadaye. Wakati wa kununua hakuna ajuaye iwapo megabaiti hizo zitapakua somo la hisabati au muziki. Kampuni ya simu huweza kutambua tovuti inayofunguliwa, hivyo jukwaa la chuo kikuu lililoorodheshwa laweza kusamehewa. Lakini mwalimu anayetuma kazi kwa WhatsApp au kuweka somo YouTube anatumia mlango uleule wa burudani. Msamaha basi huelekea kumfaa mwanachuo kuliko mwanafunzi wa shule ya msingi kijijini (ambaye, pasipo simu wala umeme, redio ingali bora kwake).

Tunapendekeza mambo mawili. Wizara ya Elimu itunze hazina moja ya masomo, yenye anwani inayojulikana na kampuni zote za simu, ili msamaha upate mahali pa kushikia. Pia, masomo yaandaliwe kwanza kwa maandishi na sauti. Somo la sauti la dakika 30, likibanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, lina takriban megabaiti 7. Video ya muda huohuo, kwa kilobiti 500, hupita megabaiti 110.