Je, Wajua? Lugha ya Wapenzi Hubadilika Kila Kizazi

• Washairi wa pwani walimwita mpenzi muhibu, mahabubu au laazizi, maneno yenye asili ya Kiarabu. Laazizi bado li hai: baada ya taarabu, limehamia kwenye bongo fleva.

• Zamani, mchumba alikuwa yule aliyekwisha kuposwa, mshenga akiwa amefika kwa wazazi. Leo vijana wengi humwita hivyo mpenzi yeyote, hata kama posa haijatajwa.

• Mwanamume anayeliwa fedha na mpenzi ana majina mengi. Tanzania aliitwa buzi, na kumla fedha kukawa kumchuna. Baadaye likaja danga. Kenya wanamwita sponsa.

• Mchepuko ni njia ya muda inayowekwa barabara ikitengenezwa. Watanzania wakalitumia kwa mpenzi wa nje ya ndoa, na ndoa yenyewe ikawa njia kuu. Wakenya husema mpango wa kando.

• Kuachwa nako kuna msamiati wake: mmoja amepigwa kibuti, mwingine amepigwa chini.

Kwa nini maneno haya hayatulii? Vijana hutaka kuzungumzia mapenzi bila wakubwa kuelewa. Mzazi akishalijua neno, ladha yake huisha, na jipya huzaliwa.

Maneno mengi ya aina hii hufa bila kuingia kwenye kamusi, na huo ni urithi unaopotea. Waulize bibi na babu walivyoitana enzi za ujana wao, kisha uyaandike.