Choki ya Umeme ya Injini ya Mashua

Fundi wa Kakamega aletewaye injini ya mashua ya Ziwa Victoria na akumbuke kwamba injini izimikapo majini, abiria hawawezi kushuka waisukume. Basi choki ya umeme isidharauliwe.

Injini ikiwa baridi, choki hupunguza hewa katika kabureta ili moto uwake upesi. Kisha umeme huipasha joto springi yake, nayo hufungua kibati cha hewa. Kibati kikikwama, moshi huwa mweusi, plagi hujaa masizi, na petroli hupotea bure. Kakamega, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na ila hiyo huzidi.

Kwanza kifuniko kifunguliwe, mvuke wa petroli utoke wote, maana cheche moja yaweza kuteketeza mashua. Kisha kibati kitazamwe: dakika chache baada ya injini kuwaka, yafaa kiwe wazi. Kama sivyo, waya wa choki upimwe kwa taa ndogo. Isipowaka, kosa li katika waya au fyuzi. Ikiwaka, uchafu na kutu viondolewe kwanza, ndipo choki mpya inunuliwe. Umeme wake usitolewe kwenye koili, kwani plagi zitadhoofika.