Elimu, Hulka na Kuzeeka kwa Ubongo: Maelezo kwa Familia za Wazee

Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo, yakimwondolea mtu kumbukumbu, uwezo wa kupanga mambo, lugha na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza katika kundi hilo. Umri mkubwa huongeza uwezekano wa kupata demensia, lakini demensia si uzee wenyewe, wala si laana, wala si adhabu ya jambo lolote.

Dalili za mwanzo huwa rahisi kufasiriwa kwa kuangalia historia ya mzee. Bibi ambaye hakwenda shule akianza kurudia swali lilelile, jamaa husema ndivyo alivyo, hakusoma. Mwalimu mstaafu akipotea njia ya kurudi nyumbani, watu hukataa kuamini kwamba kichwa kama kile kinaweza kuugua. Baba aliyekuwa mpole akigeuka mkali, lawama hupewa baridi na upweke wa Uingereza. Kila moja ya fasiri hizi ina chembe ya ukweli ndani yake, na kila moja inaweza kumchelewesha mgonjwa asifike kwa daktari.

Akiba ya ubongo

Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia watawa wa Kikatoliki nchini Marekani. Watawa 678, wote wenye umri wa miaka 75 au zaidi, walikubali kupimwa mara kwa mara na ubongo wao kuchunguzwe baada ya kifo. Walifaa kwa kazi hiyo kwa sababu waliishi maisha yanayofanana: nyumba za aina moja, chakula cha meza moja, matibabu yaleyale. Tofauti zilizobaki baina yao zilionekana wazi zaidi kuliko zingeonekana kwa watu wa mitaani.

Baadhi yao walikuwa wameandika maelezo mafupi ya maisha yao walipokuwa na umri wa miaka 22 hivi, na maandishi hayo yalikuwa yamehifadhiwa. Waliokuwa wameandika sentensi zenye mawazo mengi yaliyosukwa pamoja walipatwa na Alzheimer mara chache zaidi, miongo sita baadaye, kuliko walioandika sentensi tupu. Lililowashangaza wataalamu zaidi ni mtawa mmoja aliyefariki akiwa na umri wa miaka 101. Alifanya vizuri katika vipimo vya akili karibu hadi mwisho wa maisha yake, ilhali ubongo wake ulikutwa umejaa mabonge na mafundo ya protini ambayo ndiyo alama za Alzheimer. Alikuwa na ugonjwa bila ya kuonyesha maradhi.

Jambo hilo hufafanuliwa kwa dhana ya akiba ya ubongo, ambayo imeendelezwa hasa na Yaakov Stern wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mtu anayejua kichochoro kimoja tu cha kufika Darajani akitokea Shangani hukwama njia hiyo ikifungwa. Aliyekulia Mji Mkongwe hupita kwingine na kufika, pengine akichelewa kidogo. Kusoma, kazi inayohitaji kufikiri, ufundi, lugha na mazungumzo huzidisha njia hizo.

Akiba ina upande wake wa pili, ambao hausemwi sana. Kwa kuwa msomi huweza kuuficha uharibifu kwa miaka mingi, dalili zake zinapojitokeza ugonjwa huwa umekwisha kufika mbali, na kuanzia hapo hali yake inaweza kushuka haraka kuliko ya mtu aliyesoma kidogo. Kosa dogo la mhasibu mstaafu, aliyezoea kulipa bili zake zote kwa wakati na sasa anazilipa mara mbili, lisipuuzwe kwa sababu tu bado anazungumza kwa ufasaha.

Elimu ina uzito gani?

Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na ambayo yanaweza kurekebishwa. Yote kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya wagonjwa duniani. Kukosa elimu utotoni kulipewa asilimia 5. Kupungua kwa usikivu kulipewa asilimia 7, na mafuta mabaya ya damu asilimia 7. Elimu, basi, ni sababu moja kati ya nyingi, na katika hizo ndiyo ambayo mzee wa miaka 78 hawezi kuirudia. Kifaa cha kusaidia masikio, ambacho NHS hukitoa kwa mkopo bila malipo, anaweza kukipata.

Ifahamike pia kwamba shule hailindi ubongo usizeeke. Kwa ujumla, watu waliosoma zaidi huanza kushuka wakiwa ngazi ya juu, kwa hiyo huchukua muda mrefu kabla ya kufikia mahali ambapo maisha ya kila siku yanawashinda. Mwendo wenyewe wa kushuka hautofautiani sana.

Na elimu haipimwi kwa vyeti peke yake. Wazee wengi wa pwani wanaohesabiwa kuwa hawakusoma walihifadhi Qurani, na wengine husoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mfanyabiashara aliyeendesha duka Bukavu kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha ya nyumbani kwao amefanya kazi kubwa ya akili maisha yake yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Hyderabad, India, juu ya wagonjwa 648 wa demensia ulionyesha kuwa waliozungumza lugha mbili au zaidi walianza kuugua wakiwa wakubwa kwa takriban miaka minne na nusu kuliko wenye lugha moja, na tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasiojua kusoma. Tafiti nyingine hazikupata matokeo hayo kila mara, hivyo lugha isichukuliwe kuwa chanjo.

Hulka na tabia

Katika utafiti mwingine wa watawa na mapadri, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, karibu watu 1,000 walijaza maswali kuhusu hulka zao. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa waliokuwa na alama za juu sana za uwajibikaji, yaani watu wa mpango, wenye kujizuia na kutimiza waliyoahidi, walikuwa na hatari ya Alzheimer iliyo pungufu kwa asilimia 89 ikilinganishwa na wenye alama za chini sana. Wepesi wa kupatwa na wasiwasi na huzuni huelekea upande wa pili.

Takwimu hiyo ni kubwa na yafaa isomwe kwa utulivu. Mtu mwenye mpango hunywa dawa zake za presha kwa wakati, huenda kliniki siku aliyopangiwa na huacha sigara akiamua kuacha. Huenda sehemu ya kinga imo humo. Uchambuzi wa mwaka 2023 uliounganisha tafiti 8 zenye watu zaidi ya 44,000 ulikuta kwamba hulka inahusiana na nani hugunduliwa kuwa na demensia, lakini haikuhusiana na kiasi cha uharibifu uliokutwa katika ubongo baada ya kifo. Hulka, kama elimu, huelekea kuathiri namna mtu anavyouhimili ugonjwa. Mwenye wasiwasi wa asili hajahukumiwa, na wasiwasi hutibika. Tena, hofu ya mtu aliyekimbia vita, au anayesubiri uamuzi wa makazi yake, isiandikwe kuwa ndiyo hulka yake.

Jambo la kuangaliwa zaidi nyumbani ni mabadiliko. Mtu hulinganishwa na alivyokuwa yeye mwenyewe, si na jirani. Mama aliyekuwa mkarimu akianza kuwatuhumu wanawe kwamba wanamwibia, au mzee wa staha akianza kusema maneno ya aibu mbele ya wageni, huenda ubongo wake unaugua. Ipo aina ya demensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hubadili tabia kabla ya kumbukumbu na huwapata wengi wakiwa na umri wa miaka 45 hadi 65. Familia zisizoijua huvunjika kwa ugomvi kabla ya mtu yeyote kufikiria daktari.

Siku ya kupimwa

Daktari wa familia, yaani GP, humuuliza mgonjwa maswali, huagiza vipimo vya damu ili kutafuta sababu zinazotibika kama upungufu wa vitamini B12 au matatizo ya tezi ya shingo, kisha anaweza kumpeleka kliniki ya kumbukumbu. Huko ndiko historia ya elimu inakopata uzito, kwa sababu vipimo vingi viliandikwa kwa watu waliozoea kalamu. Kutoa 7 kutoka 100 mfululizo au kunakili mchoro wa mchemraba ni kazi ya darasani. Asiyewahi kuketi darasani anaweza kushindwa akiwa mzima kabisa, na profesa anaweza kufaulu akiwa mgonjwa.

Tafsiri nayo ina mitego yake. Kipimo kimoja kinachotumiwa sana humtaka mtu achore saa, mshale mfupi ukiwa karibu na namba 11 na mrefu kwenye namba 2. Mkalimani akitafsiri neno kwa neno, atasema "saa kumi na moja na dakika kumi", na mzee ataupeleka mshale mfupi kwenye namba 5, kama anavyopaswa kufanya kila anayehesabu saa kwa Kiswahili. Mkalimani anayeifahamu kazi yake husema "saa tano na dakika kumi".

Vipo vipimo vilivyotungwa kwa kuzingatia hayo. RUDAS kilitengenezwa Sydney, Australia, kwa watu wa tamaduni mbalimbali. Kipimo cha IDEA kilifanyiwa kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, miongoni mwa wazee ambao wengi wao hawakusoma. Badala ya kuchora kwa kalamu, mzee hupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata mfano anaoonyeshwa. Familia inaweza kuuliza ni kipimo gani kitatumika na kama kinamfaa mtu asiyesoma.

Mkalimani wa NHS hulipiwa na NHS, na aombwe wakati wa kupanga miadi, pamoja na kutaja kama mzee anazungumza Kiswahili cha Kongo, cha Unguja au Chimwiini cha Barawa. Mtoto au mjukuu asifanye kazi hiyo, kwani ni vigumu kwake kutomsaidia mzazi kujibu. Kazi ya jamaa ni nyingine: kumweleza daktari mzee alisoma hadi wapi, pamoja na chuoni kwa maalimu, alifanya kazi gani, alikuwa mtu wa namna gani, na ni jambo gani aliloliweza mwaka jana ambalo sasa limemshinda. Miwani na kifaa cha masikio visisahauliwe nyumbani.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa chache au siku chache, miadi ya kliniki isisubiriwe. Huenda ni maambukizi au athari ya dawa, na familia ipige simu 999 au impeleke hospitali kitengo cha dharura (A&E) mara moja. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, namba ni 999.