Newala Msimu wa Korosho: Kangomba na Swali la Bei ya Haki

Utangulizi



Ukitoka Mtwara mjini kuelekea magharibi, minazi ya pwani inakuaga mapema. Unapita Nanyamba, unapita Tandahimba, na pande zote mbili za barabara ni mikorosho mpaka unafika Newala. Mji huu mdogo umekaa kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Upande mmoja wa mji ardhi inakatika ghafla na kushuka bondeni, mahali ambapo wenyeji wanapaita Shimo la Mungu. Ukisimama hapo siku isiyo na ukungu unaona bonde la Mto Ruvuma na, ng'ambo yake, nchi ya Msumbiji. Mto huo huo ndio unaomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Msimbati.

Sisi wanafunzi wachache wa falsafa tulifika Newala mwezi Novemba, korosho zikiwa zinaokotwa. Katika makala haya tunapenda kueleza mambo matatu: mji na zao lake, namna korosho inavyouzwa, na biashara iitwayo kangomba. Hili la tatu ndilo lililotufanya tuandike, kwa sababu linamgusa muumini wa kawaida, na linamgusa pia mseminari atakayetumwa huko kesho kufanya utume.

Mji na zao lake

Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani yetu kuanzia karne ya 16. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na matunda tu. Ukawa zao kubwa la biashara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Udongo wa Makonde ni wa kichanga na maji ya mvua huzama chini haraka, kwa hiyo mazao mengi yanapata shida. Mkorosho unavumilia.

Ndiyo maana historia ya Newala ya miaka ya karibuni unaweza kuisoma katika hesabu za korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000. Zaidi kidogo ya miaka kumi baadaye, mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: watu walihamishiwa katika vijiji na kuacha mikorosho yao mbali, bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, na ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga unaoshambulia maua. Matumizi ya salfa, pamoja na kazi ya watafiti wa Naliendele karibu na Mtwara, yaliurudisha uhai wa zao hili. Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000.

Mgeni akikaa siku mbili tu ataona kwamba korosho ndiyo kalenda ya mji. Ada ya shule, bati za nyumba, harusi, jando na unyago, hata ahadi za kanisani, vyote vinasubiri sentensi moja: "Nikishauza korosho." Waislamu ni wengi katika mji huu, nao Waanglikana walifika zamani kuliko sisi Wakatoliki, tangu karne ya 19. Lakini mbele ya mzani wa chama cha ushirika, wote ni wakulima wanaosubiri malipo.

Korosho inavyouzwa

Mkulima haokoti fedha chini ya mti. Kwanza anapalilia shamba. Kati ya Mei na Agosti anapulizia salfa ili kukinga maua. Kuanzia mwishoni mwa Septemba au Oktoba anaokota mabibo yaliyoanguka, anatenganisha korosho na bibo, anaianika na kuijaza katika magunia. Mwenyeji wetu alituruhusu kula mabibo kadiri tulivyoweza, ila alituonya kwa utani: "Bibo ni lenu, korosho iacheni chini ya mti wake."

Magunia yanapelekwa katika chama cha msingi cha ushirika, maarufu kama AMCOS. Hapo korosho inapimwa na kupangwa daraja, kisha inapelekwa katika ghala kuu. Huu ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho msimu wa 2007/08. Chama kikuu, ambacho kwa Newala na Tandahimba ni TANECU, kinauza kwa mnada, na mkulima analipwa kupitia benki baada ya makato. Tangu msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kidijitali kupitia Soko la Bidhaa Tanzania.

Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam. Huko ndiko inakobanguliwa, na huko ndiko thamani inakoongezeka. Haikukusudiwa iwe hivyo. Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vikiwemo vya Newala, lakini vilikamilika wakati mavuno yameporomoka, na vingi vikafungwa. Leo kinamama wanabangua kwa mkono majumbani. Kazi hiyo si ya mchezo, maana ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi.

Bei basi inategemea wanunuzi na masoko ya mbali. Mkulima wa kahawa wa Mbinga, sawa na mwenzake wa Guatemala, hutega sikio kusikia bei ya New York. Wa Newala hutega sikio kusikia mnada. Mwaka 2018 bei za minada zilishuka, wakulima wakagoma kuuza, na mwezi Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wengi walisubiri kwa miezi. Moja ya mambo yaliyohakikiwa ni kama mwenye korosho ni mkulima kweli au ni mtu wa kangomba.

Kangomba ni nini?

Kangomba ni kununua korosho ya mkulima nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya chini, mara nyingi kabla haijavunwa. Mnunuzi huja na kipimo chake mwenyewe, bakuli au kopo, kinachobeba zaidi ya kilo moja. Baadaye anaipeleka korosho hiyo ghalani kama yake na kulipwa bei ya mnada. Serikali imeipiga marufuku, lakini haijaisha.

Bibi mmoja alitueleza vizuri kuliko vitabu. Tulimwamkia, akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu," kisha akaendelea kuchambua korosho zake. Tulipomuuliza kwa nini mtu auze kwa kopo wakati mnada upo karibu, alicheka. "Mtoto akiumwa mwezi wa saba, mnada upo?" alituuliza. "Yule anakuja na hela mkononi. Unajua anakuibia, na unamshukuru."

Maneno ya bibi yanataka kutafakariwa. Mfanyabiashara wa kangomba naye ana utetezi wake. Atasema hakumlazimisha mtu. Atasema amebeba hatari, kwa sababu mvua ikiharibu maua fedha yake imepotea. Atasema mfumo rasmi unachelewa kulipa, naye anasaidia sasa hivi. Hoja hizi si za kupuuzwa. Je, makubaliano ya watu wawili wazima hayatoshi kuifanya bei iwe ya haki?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilijibu swali hili karne ya 13, bila kuijua korosho. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, anafundisha kwamba muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana shida kubwa, kwani shida ya mtu mwingine si mali yake hata aiuze. Kwa mantiki hiyo hiyo, mnunuzi naye hana haki ya kushusha bei kwa sababu muuzaji ana mtoto mgonjwa. Katika swali la 78 anakwenda mbali zaidi: anayenunua kitu chini ya bei ya haki kwa kuwa amelipa kabla ya kukabidhiwa, anatenda dhambi ya riba. Ni kana kwamba Thoma amepita Newala mwezi wa saba.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alisema jambo linalofanana kuhusu mishahara: mtu anayekubali masharti magumu kwa sababu ya dhiki anatendewa kwa nguvu, hata kama ametamka "ndiyo". Na kuhusu kopo lililozidi kilo, Kumbukumbu la Torati 25:13-15 lilikwisha kukataza kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo.

Hatari ya kuichukua riziki inaweza kulipwa kwa haki. Shida ya jirani haiwezi kugeuzwa kuwa faida. Hapo ndipo mpaka ulipo.

Tufanye nini?

Kukemea kangomba mimbarani ni rahisi, hasa mwezi Novemba ambapo kila mtu ana fedha. Bibi yule alitufundisha kwamba tatizo linazaliwa mwezi wa saba. Basi dawa nayo ianzie hapo. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuwa na mfuko wa kukopeshana wakati wa shida na kurejesha baada ya mnada, bila kumnyonya mtu. VICOBA na SACCOS tayari zinajulikana vijijini; kinachohitajika ni uaminifu wa viongozi na fedha iliyowekwa akiba wakati wa neema. Parokia nayo ijue msimu wa waumini wake, isidai michango mizito wakati maghala hayana kitu.

Kuna jambo gumu zaidi. Baadhi ya wanaonunua kwa kopo ni watu wetu: wafanyabiashara wadogo, watumishi wenye mishahara, pengine wanakwaya na wahisani wa parokia. Mchango uliotokana na kopo hilo unang'aa sawa na mwingine katika kapu la sadaka. Padre wa kesho asipojiandaa leo kuwaambia ukweli kwa upendo, atajikuta amenyamaza kwa sababu ya bati za kanisa.

Hitimisho

Ndugu msomaji, ukipata nafasi nenda Newala. Nenda msimu wa korosho, simama Shimo la Mungu, kula mabibo, wasalimu wazee na uwasikilize kwa muda mrefu kuliko unavyoongea. Na ukinunua korosho zilizobanguliwa barabarani kutoka kwa mama aliyeunguza vidole vyake, usimpunguzie bei kwa sababu jua linazama na bado hajauza. Hapo ndipo somo la bei ya haki linapoanzia kwa kila mmoja wetu.