Mwamuzi Hashiki Karata

Kwetu Karagwe wanaume wengi hujifunzia karata msibani. Marehemu akishazikwa, wanaume hubaki kulala nje ili wafiwa wasilale peke yao, moto unakokwa karibu na turubai, na usiku haujakomaa mtu ameshatoa pakiti mfukoni. Hakuna anayeshangaa. Karata zinawaweka macho, zinawazuia kunywa kupita kiasi, na zinawapa la kubishania tofauti na shamba la marehemu. Sisi wanawake tuko jikoni na masufuria, tunazisikia zikipigwa mezani. Mimi nimezijua karata kwa masikio kwanza, macho yalifuata baadaye sana.

Nina mgahawa Omurushaka, pale barabara ya Nkwenda na Murongo inapoachana na ile ya Kayanga. Asubuhi nauza chai na chapati, mchana ndizi na maharage. Pombe siuzi. Meza zangu za nje zilitekwa na wachezaji zamani: bodaboda wanaosubiri abiria, mafundi pikipiki, walimu wakitoka kazini, wanunuzi wa kahawa msimu ukifika. Wachezaji walikuwepo wa kutosha kabisa. Ila mashindano hayakuwepo. Leo fulani anajiita bingwa wa Omurushaka, kesho anafungwa na kusema jana alikuwa na homa. Nani amemfunga nani, mara ngapi, kwa kanuni ipi, hakuna aliyeandika. Siku nilipogeuza kurasa za mwisho za daftari langu la madeni kuwa za matokeo, ubishi wa aina hiyo ulipungua sana. Mtu anayejua kwamba matokeo yake yameandikwa na wiki ijayo yatasomwa mbele ya wenzake hurudi wiki ijayo.

Kwanza tulipaswa kuchagua mchezo. Vijana wanapenda "last card", mchezo wa kumaliza karata mkononi. Ni wa haraka na una kelele. Wanaotoka upande wa Murongo, ng'ambo ya mto Kagera ikiwa Uganda, wanacheza matatu, ambao ni ndugu yake. Wazee wanataka albastini. Tulichagua albastini, na sababu niliyotoa ni kwamba inachezwa na watu wanne, wawili kwa wawili. Mchezo wa wawili wawili unamlazimisha mtu kuja na mwenzake, na mwenzake akiugua kuna mtu wa kumtafuta. Ukitaka watu wazoee kuja mahali pamoja, wape wenza.

Kwa asiyeujua, albastini yetu iko hivi. Tunatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40. Ree ina pointi 11, saba ina 10, mzungu wa nne, yaani mfalme, ana 4, mzungu wa tatu, yaani jeki, ana 3, na bibi, mzungu wa pili, ana 2. Nyingine ni bure. Kila aina, kopa, uru, shupaza na pau, inabeba pointi 30, zote pamoja 120, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda. Aina moja inakuwa turufu na inakula zote. Damu ya mchezo huu ni ya zamani. Wareno wana bisca, wenye hesabu hiyo hiyo na saba hiyo hiyo yenye thamani, na Zanzibar kuna wahedi wa sitini, jina ambalo ndilo 61 kwa Kiarabu. Nani alimfundisha nani Karagwe sijishughulishi nalo. Ninachojua ni kwamba kuna mzee mmoja, mkulima wa kahawa asiyevaa miwani, anayehesabu pointi zote 120 kichwani huku akisimulia habari za ng'ombe wake, na karata tatu za mwisho anakutajia ulizoshika.

Shida ni kwamba kila kijiji kina albastini yake. Wa Kayanga wanasema lazima ufuate aina iliyotupwa kama unayo. Wa Nkwenda wanasema cheza unachotaka mpaka karata za kuchota ziishe, ndipo ufuate. Kuna wanaoruhusu wenza kukonyezana, na kuna wanaosema konyezo ni wizi. Watu walikuwa wanafungana kihalali kwa kanuni mbili tofauti, kisha wanakunjana mashati. Nilichofanya ni kuwaweka wachezaji wanne mezani, wawili wa Karagwe na wawili wa Kyerwa, wilaya jirani iliko Nkwenda, nikawaambia chai ni bure mpaka mkubaliane, lakini chapati hakuna. Walikubaliana. Ukurasa mmoja, kwa mkono, vipengele vichache. Konyezo zimekatazwa. Kufuata aina kunaanza karata za kuchota zikishaisha, kwa hiyo Nkwenda walishinda hapo. Karata iliyogusa meza imechezwa. Anayetaka kulalamika alalamike kabla mkono unaofuata haujagawiwa, baada ya hapo anyamaze.

Karatasi hiyo niliipeleka kwa mtendaji igongwe mhuri. Wengine walinicheka, mhuri wa nini kwenye karata? Lakini kumbukeni mazingira yetu. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliwasema vijana wanaocheza pool asubuhi wakati wenzao wako shambani, na tangu hapo kiongozi yeyote wa kijiji akiona vijana wamekaa mezani saa nne asubuhi anajiona ana wajibu wa kuwatawanya. Kwa kweli simlaumu. Kwa hiyo kipengele cha kwanza kabisa kinasema: tunacheza Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine mezani pangu kuna sahani tu.

Kipengele cha pili ni fedha, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mikusanyiko mingi ya karata inapofia. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi inayoisimamia. Watu mkichanga elfu mbili mbili, aliyeshinda akachukua zote, hamjafanya mashindano, mmecheza kamari, na hamna leseni. Hata sheria ikiwekwa kando, fedha mezani inafukuza watu wa aina fulani na kuleta wa aina nyingine. Walimu wanaondoka. Wanaobaki ni wenye haja, na mwenye haja akifungwa hasahau. Sisi kiingilio ni shilingi 500, inanunua pakiti mpya na sukari ya chai, basi. Zawadi haitoki humo. Zawadi ni jembe, au mche wa sabuni, kitu anachotoa mfanyabiashara anayetaka jina lake litajwe, na bingwa akifika nyumbani nalo mke hana la kusema.

Pakiti mpya si anasa. Karata za karatasi zikishashikwa na mikono yenye jasho na oili ya pikipiki zinapinda kona, na mchezaji hodari anaisoma ree ya kopa kwa mgongo wake kabla hujaigeuza. Kwenye fainali pakiti hufunguliwa mbele ya wote.

Sasa niseme habari za kijana wetu mmoja aliyesoma Kampala, kwa kuwa bila yeye tungekuwa bado tunafanya mtoano. Alirudi likizo na boksi la karata za aina nyingine kabisa, zenye picha za majoka na wachawi na maandishi ya Kiingereza mpaka pembeni. Mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Uliuzwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1993, aliyeubuni ni mtaalamu wa hisabati, Richard Garfield. Miaka mitatu baadaye Wajapani wakatoa karata za Pokémon. Karata hizi hukusanywa na kubadilishwa: unanunua pakiti iliyofungwa bila kujua ndani kuna nini, unabadilishana na wenzako, unatengeneza seti yako mwenyewe ya karata 60, kisha unakuja kupambana na seti ya mwingine. Kila mtu anafika na silaha zake.

Tulijaribu. Vijana kadhaa waliuelewa na kuupenda, mmoja akawa anatafsiri karata kwa sauti kila anapoiweka. Haukuota mizizi, na sababu si akili za watu. Pakiti hizo Kayanga haziuzwi, na mchezo ambao nguvu yako inatokana na pakiti ulizonunua unamuweka fundi pikipiki nyuma ya mtu mwenye ndugu Ulaya. Karata zetu ni zile zile 40 kwa wote, na pakiti moja haizidi bei ya sahani mbili za wali maharage.

Lakini nilimuuliza kijana: hao wenzako wanakutana wapi? Akasema dukani. Mwenye duka anaweka meza, na kwa mchezo huo Ijumaa usiku imekuwa siku yao rasmi tangu mwaka 2000, miji kwa miji. Mtu akihamia mji mgeni anatafuta duka, Ijumaa anakwenda, amepata wenzake. Kuna waamuzi wanaosomea kanuni na kufanya mitihani. Nikajisemea, kumbe mgahawa wangu ndio duka lenyewe, kilichobaki ni siku na mwamuzi.

Akatufundisha pia kupanga raundi. Mtoano una ubaya mmoja mkubwa: watu wametoka Isingiro ya Kyerwa kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, wanafungwa mchezo wa kwanza, wanaambiwa kwaheri. Wiki ijayo utawaona? Mfumo wa Uswisi hautoi mtu. Ulitumika kwanza kwenye sataranji, Zürich, mwaka 1895, na kazi yake ni rahisi: kila raundi aliyeshinda anakutanishwa na aliyeshinda, aliyefungwa na aliyefungwa, na hakuna kurudia mpinzani. Jozi nane zinahitaji raundi tatu kumpata mmoja asiyefungwa, jozi 16 zinahitaji nne. Jozi zikiwa idadi witiri, ya mkiani inapumzika na kupewa pointi za ushindi. Wawili wakilingana, tunajumlisha pointi za wapinzani wao, aliyepambana na wagumu anakuwa juu. Uzuri wake nimeuona kwa macho: raundi ya tatu, meza ya mwisho kabisa, vijana wawili waliofungwa zote wanapambana na wazee wawili waliofungwa zote, na makelele yako huko, si kwenye meza ya mabingwa.

Wanaoniuliza siri wanatarajia niseme zawadi. Ni chakula. Kwenye kibanda cha video tuliangalia ile filamu ya mwaka 2016 ya Katwe, Kampala, habari ya kweli ya Robert Katende aliyefundisha watoto wa mtaa wa mabanda kucheza sataranji na kuwapa uji. Phiona Mutesi, aliyekuja kuiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji, alivutwa kwanza na uji huo. Wateja wangu walimsifu Phiona, mimi nikamsifu aliyepika. Raundi ya pili ikiisha nasimamisha kila kitu kwa chai, na hapo kwenye chai ndipo watu wa Karagwe na wa Kyerwa wanaulizana bei ya kahawa na habari za nyumbani. Kyerwa ilikuwa Karagwe mpaka ilipogawanywa mwaka 2012, kwa hiyo nusu yao ni mashemeji, lakini kwenye karata utadhani ni mataifa mawili.

Umbali ndio adui aliyebaki. Mvua za masika zikichachamaa, barabara ya vijijini inamshinda hata dereva mzoefu. Mavuno ya kahawa yakianza mikono yote iko shambani na kwenye maanikio, kwa hiyo miezi hiyo tunapumzika, na tunarudi watu wakiwa na vijisenti na hadithi. Tunapokezana: safari moja watu wa Kyerwa wanakuja, nyingine sisi tunakwenda Nkwenda, na mwenyeji ndiye anayelisha.

Naulizwa pia mbona sichezi. Najua kucheza. Lakini nikishika karata Jumapili moja tu, Jumapili inayofuata uamuzi wangu utakuwa wa mchezaji, na kuna jozi itasema naionea kwa sababu ilinifunga. Mwanzoni kuna mzee aliyesema hawezi kuamuliwa na mwanamke. Nilimjibu, "Sawa waitu, tafuta mwanaume asiyecheza, asiyekunywa, na asiye na shemeji kwenye meza yoyote." Alizungusha macho, akaketi. Siku hizi jozi mbili za wanawake zimeandikishwa, moja ni mtu na mkwe wake, na hao hawahitaji konyezo.

Kinachotusumbua kwa sasa ni vijana wa Murongo. Wanataka matatu nayo iingie, iwe na meza zake. Mbili inamchotesha mwenzako karata mbili, ree inabadili aina, na saba ya aina iliyofunuliwa mwanzo inakata mchezo hapo hapo, mwenye hesabu ndogo mkononi anashinda. Mimi sina kinyongo nayo. Niliwaambia tu walete kanuni kwa maandishi, ukurasa mmoja, zimekubaliwa na wote. Wameleta ukurasa na nusu, na mwisho wake kuna saini tatu badala ya nne. Wa nne anasema ile saba haikati kama wewe mwenyewe ndiye uliyebakiza karata nyingi, nao wenzake wanasema inakata tu. Nimewawekea chai.