Ndege Wanaofukuzana: Istilahi za Mpiga Picha

Mtu atokaye Kewanja, wilayani Tarime, akafika ufukweni mwa Ziwa Viktoria pale Musoma, huenda akamwona kwazi akimwandama mwewe aliyebeba samaki. Wawili hao hupinda, hupanda na kushuka ghafla, mpaka pengine samaki adondoke. Kupiga picha ya tukio hilo ni kazi ngumu. Kuandika habari zake kwa Kiswahili sanifu nako kuna ugumu wake, nao ndio utuhusuo hapa.

Tuanze na jina lenyewe. Mwombaji akiandika kwamba ataka "kibali cha kupiga picha za ndege karibu na uwanja wa Musoma", mtumishi wa serikali atamwelewaje? Kiunganishi "za" chafuata picha, wala hakitufumbulii kama ndege huyo ana manyoya au ana injini. Tena neno "picha" lisidondoke, maana "kupiga ndege" ni jambo jingine kabisa, na ndani ya Hifadhi ya Serengeti laweza kumfikisha mtu mahakamani. Dawa imo katika sarufi yetu: "ndege wawili wanaofukuzana" ni viumbe, "ndege mbili zinazofukuzana" ni vyombo. Yafaa basi barua ya namna hii iwe na kitenzi au sifa itakayodhihirisha upatanisho.

Kitenzi nacho kichaguliwe kwa uangalifu. Afukuzaye ataka mwenzake aondoke, kama buabua amfukuzavyo mgeni aliyesogelea mayai yake. Kwazi hajali mwewe aende wapi, ataka samaki. Hapo "kufukuzia" ndiko kufaako, na tendo zima twaliita "unyang'anyi wa chakula". "Kuwinda" tungekuacha, kwani kitafutwacho si nyama ya mwewe.

Wako wafasiri ambao, wakieleza habari za Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kusini-mashariki ya Unguja ambako ndege wa baharini hutaga kwa wingi, huandika "koloni la ndege". Neno hilo kwetu lingali na harufu ya bendera za wageni. Twapendekeza "matagio", kutokana na kutaga.

Kwa upande wa kamera, mwalimu asemaye "ongeza spidi ya shata" huku akipunguza muda huwachanganya wanafunzi wake. Kipimwacho ni muda ambao mwanga huingia; basi na tuseme "muda wa mwanga". Ndege arukaye mita 15 kwa sekunde husogea sentimita 6 katika 1/250 ya sekunde, na sentimita 1.5 tu katika 1/1000. Ndiyo sababu bawa hufifia katika picha ya kwanza na kuonekana dhahiri zaidi katika ya pili.

"Kulenga" kubaki kwa kuelekeza kamera. Mtu aweza kulenga barabara na picha ikatoka na ukungu. Kwa kurekebisha lenzi hadi ukungu uondoke, wapiga picha wa mitaani husema "kufokasi", nasi hatuoni sababu ya kuwanyima.